Kitenzi "Kuchoka" Katika Chumba cha Mwanasaikolojia

Mwanasaikolojia tiba mwenye kliniki yake ya kibinafsi jijini Nairobi hapimi huzuni kwa damu. Kifaa chake ni lugha. Hojaji ya PHQ-9, iliyochapishwa mwaka 2001 na baadaye kutafsiriwa kwa Kiswahili, ina maswali 9 kuhusu majuma mawili yaliyopita, kila jibu likipewa alama 0 hadi 3. Swali la 4 lahusu uchovu. La 9 lahusu fikra za kifo.

Hapa ndipo utata wa kisemantiki unapozuka, kwani kitenzi kimoja chaweza kuyajibu yote mawili. Mteja asemaye "nimechoka" huenda amekosa usingizi tu. Huenda pia ameyachoka maisha, na staha ya lugha yamzuia kukitaja kifo. Kiambishi -me- cha hali timilifu chaonyesha kwamba hali imekwisha kumfika, lakini kijalizo hakipo. Tabibu asiyekitafuta (na kosa hapo si la hojaji) atatia alama kwenye swali la 4, kisha amwache mtu aende zake. Mjuzi huuliza, "Umechoka na nini?" halafu hunyamaza. Jibu likiwa "na kila kitu", swali la 9 halina budi kuulizwa waziwazi, neno "kufa" likitajwa.