Rasimu Ikirudishwa, Usinune

Haya, mdogo wangu, kwanza futa hayo machozi kisha tuzungumze. Umekaa na simu mpaka bando likaisha, ukaandika makala kuhusu Ikutha ili iingie kwenye Wikipedia, ukaituma ikahakikiwe, ukangoja wiki baada ya wiki, na kilichorudi ni kisanduku kilichobandikwa juu ya rasimu yako kikisema haijakubaliwa. Umekasirika. Umeanza kusema kuna watu wanaotuonea sisi wa Kitui Kusini, na umeapa hutaandika tena hata sentensi. Pole. Wengi hupitia hapo, tena watu wazima wenye digrii zao, kwa hivyo usijione umeaibika peke yako.

Sasa lisome lile jibu tena, polepole. Katika Wikipedia ya Kiingereza, ambako rasimu za wageni hukaa foleni zikingoja mhakiki, kuna kurudishwa na kuna kukataliwa, na hayo ni mambo mawili. Ukirudishwa, unaambiwa rekebisha ulete tena. Ukikataliwa, unaambiwa usijisumbue tena na mada hiyo. Wewe umerudishwa. Kilio cha nini, basi? Sababu imeandikwa palepale, na mara nyingi ni ileile: vyanzo havitoshi. Mhakiki hakusema wewe ni mwongo, wala hakusema Ikutha haipo. Mahali panapotambuliwa na serikali kwa kawaida hupewa makala yake hata pakiwa padogo, na Ikutha ni wadi kamili ya eneo bunge la Kitui Kusini, pamoja na Mutomo, Mutha, Kanziko, Athi na Ikanga/Kyatune. Ameuliza swali moja tu: haya umeyatoa wapi?

Na hapo ndipo mnaponichekesha. "Lakini dada, hayo kila mtu hapa anayajua!" Najua unayajua. Nyumbani tunasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na sokoni maneno hayo yanatosha. Kwa mtu aliye ng'ambo ambaye hajawahi kuvuka mto Athi hayatoshi, na hana kosa. Hakujui. Hajui kama wewe ni mjukuu wa Ikutha au ni mtu wa kutunga uongo kwa kujifurahisha.

Tena usidhani nampendelea mhakiki. Wahakiki hukosea, na wengine wana kiburi cha kutosha kujaza lori. Hili si geni kwetu Ukambani. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro kwa macho yake, na habari zake zilichapishwa London mwaka uliofuata. Bwana mmoja wa huko, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ya Afrika ambaye hata Afrika Mashariki hakuwahi kufika, akazipinga kwa maneno makali: theluji karibu na ikweta, haiwezekani! Mwenzake Rebmann, Ludwig Krapf, akaja kwetu Kitui akawa mgeni wa Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa misafara. Kivoi alimsimulia habari za mlima mwingine mweupe, na tarehe 3 Desemba 1849 Krapf akauona Mlima Kenya kutoka hukuhuku Kitui. Cooley bado hakusadiki.

Fikiria uchungu wa waliodharauliwa. Kivoi anaujua mlima, Krapf ameuona, na mtu aliyeketi kwenye kiti London anasema hakuna kitu. Lakini tazama ubishi ulivyokwisha. Karl Klaus von der Decken alikwenda Kilimanjaro mwaka 1861, akarudi tena 1862, akapanda, akapima, akaandika, na theluji ikakubaliwa. Hasira za Rebmann, hata zingekuwa na haki kiasi gani, zisingeiyeyusha ile "haiwezekani". Kilichosaidia ni ushahidi wa pili, wa mtu mwingine, uliowekwa mezani. Basi na wewe usimjibu mhakiki kwa matusi kwenye ukurasa wa majadiliano. Matusi hayafutiki kwa urahisi kule. Yanabaki kwenye historia ya ukurasa, na mhakiki anayefuata atayasoma kabla hajaisoma makala yako.

Utaniuliza, vyanzo vya Ikutha nitavipata wapi, dada, nami niko kijijini? Vipo kuliko unavyodhani. Wamisionari Walutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo Ikutha mwaka 1891, na Wajerumani ni watu wa kuandika kila kitu. Mmoja wao, Johannes Hofmann, aliandika kitabu kuhusu kuzaliwa, ndoa na kifo miongoni mwa Wakamba, kikachapishwa Leipzig mwaka 1901. Msweden Gerhard Lindblom naye ana kitabu kinene kuhusu Wakamba, toleo lake la mwaka 1920 ndilo linalotajwa sana. Vitabu vya zamani namna hii vingi vimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti bure. Vina macho ya kikoloni, ndiyo, uvisome ukiwa umekunja uso kidogo, lakini vina majina na miaka. Halafu kuna ripoti za sensa ya 2019, iliyohesabu watu 1,136,187 katika kaunti yetu ya Kitui na 987,653 kwa jirani zetu wa Makueni. Kuna gazeti rasmi la serikali. Kuna magazeti yaliyoandika habari za barabara ya lami kutoka Kibwezi kupita Ikutha na Mutomo hadi Kitui. Saa moja pale saiba, kwenye duka la intaneti la sokoni, ukiwa na kalamu, itakupa vyanzo vinne.

Kuna moja linaloniuma kama linavyokuuma wewe. Yale aliyokusimulia susu (nyanya yako), jina la kilima lilitoka wapi, njaa ile ilipitaje, kisima kilichimbwa na nani, hayana chanzo kilichochapishwa, na kwa kanuni za Wikipedia hayaingii. Usiyatupe, na pia usiyachomeke kinyemela katikati ya aya yenye vyanzo ukidhani hakuna atakayeona. Yarekodi wakati susu bado ana sauti. Mpelekee mwandishi wa gazeti anayependa mambo ya kwetu, au mwalimu wa historia pale Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, Kwa Vonza. Yakishachapishwa kwa jina la mtu anayeweza kuulizwa, rudi nayo. Ni njia ndefu, na haki haimo yote, lakini kwa sasa ndiyo iliyopo.

Hebu nikukaripie kidogo sasa. Ile aya ya mwisho kuhusu mjomba wako anayetaka kugombea uwakilishi wadi, "kiongozi shupavu mwenye maono", itoe. Itoe leo. Nyani haoni kundule, na mtu haoni sifa alizozimwaga kwa ndugu yake. Kanuni inasema ukiwa na uhusiano na unayemwandika, useme wazi, na bora umwachie mwingine aandike. Na ile historia uliyonakili neno kwa neno kutoka tovuti ya watu, hiyo nayo ni mali ya wenyewe. Soma, funika, andika kwa maneno yako. Picha piga mwenyewe. Simu unayo na mto Athi uko hapo.

Wengine wenu mmeniambia, basi tutakwenda Wikipedia ya Kiswahili, huko hakuna foleni. Ni kweli, ukihifadhi makala inaonekana papo hapo. Nendeni, nitafurahi, maana kurasa za miji yetu huko nyingi ni mistari miwili na ule ujumbe wa chini kwamba makala bado ni mbegu. Lakini kukosa foleni si kukosa macho. Wakabidhi, yaani wasimamizi wa kule, hupitia mabadiliko ya karibuni, na kazi mbovu hubandikwa alama ya kufutwa. Wanachochoka nacho zaidi ni Kiswahili kilichotemwa na programu ya kutafsiri bila mtu kukisoma. Mwaka 2009 Google ilifanya shindano la wanafunzi kuandika makala za Kiswahili, likiwa na zawadi za kompyuta. Makala zilimiminika, lakini zawadi zilipotoka wengi wa waandishi hawakurudi, na kazi ya kuzisafisha ikabaki kwa wachache wanaojitolea bila malipo. Ukiandika ovyo, unampa mtu mwingine kufua nguo zako.

Na wewe uliyekwishapewa nafasi ya kuhakiki kazi za wenzako, huko Wikipedia au kwenye hifadhi ya maarifa ya ofisini kwenu, usijifiche nyuma ya wadogo zako. Nina neno nawe pia. Kabla ya Wikipedia kulikuwa na Nupedia, iliyoanza mwaka 2000, ambako makala ilipita hatua saba za ukaguzi wa wataalamu. Mwaka wake wa kwanza ilipitisha makala 21. Ishirini na moja! Wikipedia ilipozaliwa Januari 2001 ilifungua mlango wazi, na Nupedia ikafungwa mwaka 2003. Mlango wazi nao ulikuwa na gharama zake: mwaka 2005 mtu asiyejitaja aliandika uongo kuhusu mwanahabari Mmarekani John Seigenthaler, akimhusisha na mauaji ya Rais Kennedy, na uongo huo ukakaa zaidi ya miezi minne. Desemba ya mwaka huohuo Wikipedia ya Kiingereza ikawazuia wasiojisajili kuanzisha kurasa mpya. Foleni unayoisimamia ilitokana na uchungu huo. Isimamie kwa haki, basi. Ukimrudishia mtu rasimu, mwambie ni sentensi gani inayokosa chanzo, usimtupie kanuni nzima kichwani. Usiikalie rasimu ya mwenzako mwezi mzima kwa sababu tu humpendi. Na yako mwenyewe usijiidhinishie, hata kama mfumo unakuruhusu. Mwite mwenzako aipitie.

Tukirudi kwako, mdogo wangu mnunaji. Kununa una haki, ila kuna jambo ambalo huenda hukuambiwa: rasimu ikikaa miezi sita bila kuguswa, Wikipedia ya Kiingereza huweza kuifuta. Mwombolezee mjomba aya yake, weka Hofmann na sensa mahali pake, kisha uitume tena kabla muda huo haujaisha.