Kimbunga Kisichofika Mbeya

Kimbunga hakifiki Mbeya kikiwa hai. Chakula chake ni mvuke wa bahari yenye joto la nyuzi 26 na zaidi. Kikikanyaga nchi kavu kinaanza kufa njaa. Kimbunga Hidaya kilififia baada ya kufika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024. Mbona basi tukisikia kimbunga kiko kati ya Msumbiji na Madagaska, mara nyingi mvua inawanyea watu wa Uyole, Mbeya, na Mafinga, Iringa?

Katikati ya kimbunga mgandamizo wa hewa uko chini, kwa hiyo hewa ya pembeni hukimbilia huko. Haiendi moja kwa moja, kwa kuwa dunia inazunguka. Inapinda, na kusini mwa ikweta inazunguka kama mishale ya saa. Chora duara mavumbini, ulifuate kwa kidole hivyo hivyo. Upande wa juu, yaani kaskazini, kidole kinatoka magharibi kwenda mashariki. Huko juu ndiko tuliko sisi. Upepo unavutwa kutoka misitu ya Kongo, umebeba unyevu. Ukigonga milima kama Rungwe, yenye karibu meta 3,000, unapanda, unapoa na kumwaga maji. (Kimbunga kikikaa kwingine, chaweza pia kutunyang'anya mvua.)

Mvua hiyo ikifika shambani, kubwa zaidi linatokea chini ya jembe. Naitrojeni hutoka hewani, huingia udongoni kupitia bakteria wa mizizi ya maharage, hulisha mahindi, kisha hurudi ardhini mabua yakioza. Hapo huwa katika umbo la amoniamu, kisha bakteria wengine huigeuza kuwa naitreti. Hapo ndipo penye mtego. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi. Amoniamu ina chaji chanya, basi hushikamana nazo. Naitreti nayo ni hasi, haina pa kujishika. Mvua ya siku mbili mfululizo inaishusha chini ya mizizi, na nyingine huishia mitoni: Ruaha Mkuu, bwawa la Mtera, Rufiji, hadi bahari ya Mafia. Maji yakituama, bakteria wanaokosa oksijeni huinyofoa kwenye naitreti, na naitrojeni inarudi hewani kabla mhindi haujaionja.

Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyekuwa Muguga nchini Kenya, alieleza kwamba udongo uliokauka ukilowa tena hutoa naitrojeni kwa mkupuo. Iringa na Mbeya zina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili au Mei, baada ya kiangazi kirefu. Mvua kubwa ikiwahi, mkupuo huo unasombwa mahindi yakiwa bado na mizizi ya kidole kimoja. Baadaye majani ya chini yanageuka njano kuanzia nchani, rangi ikishuka katikati ya jani kama herufi V, na mkulima anamlaumu muuza mbolea.

Kwa hiyo ukisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa imetaja kimbunga upande ule na mvua kubwa kwetu, iache yurea, mbolea ya naitrojeni, mfukoni. Mvua ikipungua na udongo ukiwa bado na unyevu, ifukie, tena kwa awamu mbili.