Ijue Lugha ya Matangazo: Maana Nne za Neno "Apply"

Matangazo mengi ya umma, fomu za serikali na vibandiko vya dawa huandikwa kwa Kiingereza. Kitenzi kimoja kinachojitokeza katika hayo yote ni "apply". Wengi hukijua kwa maana ya kuomba kazi au basari pekee. Hata hivyo, kina maana nyingine, na anayezichanganya anaweza kupoteza nafasi, pesa au hata afya yake.

1. Kuomba

"Apply" ikifuatwa na "for", kinachotajwa ni kile kinachoombwa: "apply for a bursary" ni kuomba basari. Ikifuatwa na "to", hutajwa anayepelekewa ombi: "apply to the Chief Officer" ni kutuma maombi kwa Afisa Mkuu. Tangazo likisema "previous applicants need not apply", waliotuma maombi awali hawana haja ya kuyatuma tena. Halimaanishi kwamba wamekataliwa.

2. Kuhusu au kutozwa

Hapa anayetajwa si mtu, bali ni sheria, ada au sharti. "This notice applies to all traders" ni ilani inayohusu wafanyabiashara wote, hata mwenye kibanda kimoja. "Penalties apply" ni onyo kwamba anayekiuka ataadhibiwa. "Conditions apply", ambayo kwenye matangazo ya redio husemwa "vigezo na masharti kuzingatiwa", ina maana kuna masharti zaidi. Yaulizie kabla ya kulipa.

Kwenye fomu, "where applicable" ni "jaza panapokuhusu", na herufi N/A zina maana kwamba swali halikuhusu. Kijana ambaye hajaoa, kwa mfano, huandika N/A penye jina la mke ili karani asidhani amesahau kujaza.

3. Kupaka, kutia au kunyunyizia

"Apply twice daily" kwenye tyubu ya dawa ni "paka mara mbili kwa siku". Kusema "tumia" tu hakutoshi, kwa kuwa kwa Kiswahili hata anayemeza dawa huambiwa anaitumia. Dawa ya kupaka haimezwi.

Kwa mkulima, "apply at planting" ni kutia mbolea, kama vile DAP, wakati wa kupanda. Mbolea ya CAN huwekwa baadaye, mahindi yakifika magotini. "Do not apply in windy conditions" ni katazo la kunyunyizia dawa upepo unapovuma, kwani inaweza kumrudia mnyunyiziaji au kufika kwa jirani.

4. Kujitahidi

Mwalimu akiandika kwenye ripoti "he should apply himself", mtoto anahimizwa aongeze bidii. Hakuna fomu ya kujaza hapo.

Namna ya kutambua

Jiulize maswali mawili: ni nani au ni nini kinachotenda, na ni neno gani linalofuata? Ukibaki na shaka, muulize mfamasia, afisa wa kilimo au karani kabla ya kuchukua hatua.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinatambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 nayo inaruhusu ombi la habari kuandikwa kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika anafaa kusaidiwa na afisa husika kuliwasilisha.