Sura ya Rangi Moja Mgongoni mwa Matatu

Gereji hii iko Kariobangi Light Industries, Nairobi. Mwenye matatu ya abiria 33 anataka sura ya Wangari Maathai nyuma ya gari lake, kwa nyeusi na nyeupe tu. Fundi mzee ameipokea kazi hiyo, na binti anayejifunza kwake amekuja na picha mkononi.

BINTI: Mzee, picha nimeshaikuza. Nianze kuchora?

FUNDI: Bado, mwanangu. Vaa glavu ya kitambaa, upapase bodi polepole kutoka juu hadi chini. Unasikia nini?

BINTI: Ni laini. Ila hapa karibu na taa pana kibonde.

FUNDI: Fila haikukaa sawa hapo. Jicho halikioni sasa kwa sababu praima haing'ai. Ngoja klia, ile rangi angavu ya mwisho, ipigwe juu, taa za Thika Road zikimulika, shavu la mama wa watu litaonekana limebonyea. Mchoro wa rangi nyingi unaweza kukusitiri, maana mtazamaji anavutwa na nyekundu huku na kijani kule. Huu wa rangi moja haukusitiri hata kidogo.

BINTI: Nitajuaje vibonde vimeisha, na macho hayavioni?

FUNDI: Chukua rangi nyeusi iliyozimuliwa sana, uirushe kutoka mbali, ibaki kama vumbi tu juu ya praima. Ikikauka, funga msasa namba 400 kwenye kibao, tia maji, usugue kwa mshazari. Usisugue kwa vidole vitupu, kwa sababu vidole hufuata bonde badala ya kulikata. Pale nyeusi inapobaki ndipo palipo chini. Pale bati linapochungulia ndipo palipo juu. Unajaza, unapiga praima tena, unarudia mpaka nyeusi yote iondoke kwa pamoja. Mwisho pitisha namba 800 na maji, kwa sababu mikwaruzo ya 400 itaonekana chini ya kijivu chepesi.

BINTI: Halafu nioshe kwa sabuni?

FUNDI: Sabuni na maji kwanza, kisha dawa ya kuondoa mafuta. Shika vitambaa viwili: kimoja kilicholowa dawa kinapita mbele, kikavu kinakifuata mara moja kabla dawa haijakauka. Ukiiacha ikauke yenyewe, mafuta yanarudi palepale. Na mkataze utingo asing'arishe dashibodi humu ndani. Ile polishi ina silikoni; tone dogo likitua kwenye bodi, rangi itakimbia na kuacha vishimo vya duara.

BINTI: Sasa rangi, Mzee. Nyeusi na nyeupe ninazo. Kuna la ziada?

FUNDI: Lipo, na ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Changanya kidogo hapo kwenye kopo. Anza na nyeupe, utie nyeusi tone kwa tone, maana nyeusi ina nguvu mno. Ukianza nayo utamaliza mkebe mzima wa nyeupe ukiifukuza. Haya, paka kwenye kipande cha bati. Unaona kijivu gani?

BINTI: Kina ubuluu kidogo.

FUNDI: Naam. Nyeusi nyingi za dukani ni za kaboni, nazo zikikutana na nyeupe huenda upande wa buluu. Ukichora uso wa mama Mwafrika kwa kijivu hicho, atatoka kama mgonjwa. Tia tone la kahawia, ile ya udongo uliochomwa. Hata wewe usiione kahawia yenyewe. Uone tu kwamba ubaridi umeondoka. Tena hapa tuna mstari wa njano, ule uliolazimishwa na kanuni za Waziri Michuki mwaka 2004. Tutaufunika kwa tepu, hatuufuti. Lakini ujue kijivu kikikaa jirani na njano, jicho hukiona kimeelekea zambarau. Kwa hiyo jaribu rangi yako ukiwa umeweka kipande cha njano pembeni.

BINTI: Nimewahi kuona mtu anapuliza nyeupe juu ya nyeusi kutengeneza mng'ao wa paji la uso, ikatoka buluu kabisa, na hakuwa ametia buluu.

FUNDI: Kwa sababu brashi ya hewa inatandaza chembechembe ndogo sana juu ya giza. Chembe hizo hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwingine. Ndiyo sababu moshi wa jikoni ukipita mbele ya ukuta mweusi unaonekana wa buluu. Unaweza kutia tone la njano au kahawia kwenye nyeupe, inasaidia. Mimi lakini naona ni bora kukwepa vita hivyo. Tandaza msingi mweupe wenye joto kidogo, kisha jenga giza tu, kwa nyeusi iliyozimuliwa mpaka mkono mmoja usionekane sana. Mikono kumi myepesi inazaa kivuli kizuri kuliko miwili mizito. Mng'ao unakuwa ni msingi wenyewe ulioachwa bila kuguswa. Nyeupe ya kopo iwekee nukta za macho peke yake, mwishoni.

BINTI: Na ngozi yake nyeusi, juu ya msingi mweupe?

FUNDI: Kunja macho uitazame picha. Shavu si jeusi. Ni kijivu cha kati, na weusi halisi uko puani, kwenye kope, chini ya kilemba. Wengi huogopa, wakamwacha amepauka. Wengine huitandaza nyeusi kote, uso ukalala. Chora ngazi ya vijivu vitano kwenye bati, uiache ikauke, kwa sababu rangi mbichi inadanganya. Kisha uiweke kando ya picha na kila sehemu ya uso uitafutie ngazi yake. Kingo kali ziwe chache: kope, tundu za pua, mstari wa midomo. Kwingine kote kulainike.

BINTI: Presha niweke ngapi?

FUNDI: Anza na psi 20. Rangi ikitoka kwa matone, izimue zaidi kabla hujapandisha presha. Ichuje kwa stokingi, na umwage maji ya tangi la kompresa kila asubuhi, hasa msimu huu wa mvua. Bonyeza hewa kwanza, ndipo uvute rangi nyuma. Ukimaliza mstari, kata rangi kabla ya hewa, la sivyo utaacha donge kwenye ncha.

BINTI: Klia nitapiga mwenyewe?

FUNDI: Utapiga, ila si kwa hiyo barakoa ya kitambaa. Hadna, ile dawa ya kuigandisha klia, ina isosayaneti. Haikuonyi kwa harufu, na inaweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Wasiohusika watoke nje, milango ifunguliwe, nawe uvae ile ya vichujio viwili iliyo kwenye sanduku jekundu. Ijaribu sasa nione kama inakushika vizuri usoni. Ikipitisha hewa pembeni, klia nitaipiga mimi mpaka tukununulie inayokutosha.