Ken Aston, Mwalimu Aliyempa Refa Kadi

Kadi za njano na nyekundu zilibuniwa na nani?

Na Ken Aston, Mwingereza aliyezaliwa Colchester mwaka 1915. Riziki yake ilikuwa ualimu. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Ilford, mashariki mwa London, na mechi alizichezesha baada ya chaki. Ukiyapanga mambo aliyoyaanzisha, unaona mkono wa mwalimu anayetaka hata mwanafunzi wa dawati la nyuma aelewe.

Kabla ya kadi alikuwa amefanya nini?

Mwaka 1946 alianza kuvaa jezi nyeusi yenye kola nyeupe, vazi lililokuja kuwa sare ya marefa duniani. Mwaka uliofuata, baada ya mechi iliyogubikwa na ukungu, aliwapa washika vibendera wake bendera za njano na nyekundu zinazoonekana kwa mbali.

Mbona jina lake hutajwa pamoja na vurugu za Santiago?

Kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na filimbi. Tarehe 2 Juni 1962, Chile iliikaribisha Italia kwenye Kombe la Dunia. Waandishi wawili wa Italia walikuwa wameuponda mji wa Santiago magazetini, na nchi ilikuwa bado inauguza majeraha ya tetemeko la 1960. Faulo ya kwanza ilichezwa kabla mpira haujatimiza nusu dakika. Mapema tu Aston akamtoa Giorgio Ferrini, naye akagoma kutoka mpaka polisi walipoingia kumwondoa. Baadaye akamtoa Mario David aliyemrukia Leonel Sánchez kwa teke la juu. Lakini Sánchez, aliyekuwa amewachapa Waitaliano ngumi, alimaliza mechi. Chile ilishinda 2-0.

Wapo wanaomtetea Aston kwamba mechi ile hakuna ambaye angeiweza. Nakubali nusu. Kumwacha Sánchez uwanjani kulikuwa kosa kubwa, na Waitaliano wana haki ya kulalamika hadi leo. Aston hakuchezesha tena mechi ya Kombe la Dunia, ingawa nyumbani walimwamini: mwaka 1963 alipewa fainali ya Kombe la FA.

Basi wazo la kadi lilitoka wapi?

Kombe la Dunia la 1966 lilimkuta upande wa wasimamizi wa marefa. Katika robo fainali ya Uingereza na Argentina pale Wembley, refa Mjerumani Rudolf Kreitlein alimtoa nahodha wa Argentina, Antonio Rattín. Rattín hakujua Kijerumani, refa hakujua Kihispania; nahodha akadai mkalimani, na dakika zikayoyoma. Aston ilibidi ashuke uwanjani kumbembeleza atoke. Kama hiyo haitoshi, magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba ndugu wawili, Bobby na Jack Charlton, walikuwa wameonywa, na kambi ya Uingereza ikalazimika kuuliza FIFA kama ni kweli. Hebu fikiria: mchezaji anaonywa mbele ya maelfu ya watu, halafu watu wanaulizana!

Aston alikuwa akiendesha gari kwenye barabara ya Kensington High Street aliposimamishwa na taa za barabarani. Njano: tahadhari. Nyekundu: simama. Rangi hizo hazihitaji mkalimani.

Zilianza kutumika lini?

Mexico, 1970. Za njano zilitoka tangu mechi ya ufunguzi, lakini mashindano yale yaliisha bila mchezaji hata mmoja kulambwa nyekundu. Wa kwanza kwenye Kombe la Dunia alikuwa Carlos Caszely wa Chile, mwaka 1974, dhidi ya Ujerumani Magharibi. Aliyemwonyesha ni Mturuki Doğan Babacan. Ajabu ni kwamba ligi ya Uingereza, kwao Aston, ilisubiri hadi 1976.

Na uzeeni?

Alirudi darasani kwa namna nyingine, akifundisha marefa wa soka la watoto Marekani. Alifariki Oktoba 2001, akiwa na miaka 86.

Kama kadi imeonyeshwa, kwa nini refa bado anaandika kwenye kijitabu?

Kadi ni tangazo kwa walioko uwanjani. Kinachofika kwenye kamati ya nidhamu ni ripoti, na ripoti hutokana na kijitabu: jina, namba, dakika, kosa. Marefa wengi huweka njano mfuko wa kifuani na nyekundu mfuko wa nyuma wa bukta; si sheria, ila inamwepusha mtu kuchomoa isiyo yenyewe.