Mtoto na Katuni za Mashujaa: Maswali ya Wazazi

Si kuna alama ya umri kwenye jalada?

Ipo, anza nayo, lakini usiishie hapo. Kwenye majarida ya Marvel hukaa kwa herufi ndogo karibu na ile mistari ya kuskani bei: T+ ni kwa walio na miaka 13 na kuendelea, MAX ni ya watu wazima. Tangu 2001 kampuni hiyo hujipimia yenyewe. Kabla ya hapo wachapishaji wa Marekani walikuwa na chombo chao, Comics Code Authority, kilichoundwa 1954, na jarida lililofuata kanuni zake lilipata muhuri.

Muhuri huo uliwahi kuleta kituko. Idara ya serikali iliyoshughulikia afya na elimu ilimwomba mwandishi wa Marvel, Stan Lee, atunge hadithi ya kuwatahadharisha vijana na dawa za kulevya. Akaitunga; ndiyo Amazing Spider-Man toleo la 96 hadi la 98. Ikanyimwa muhuri, kwa sababu wasimamizi wa kanuni hawakuruhusu kuonyesha dawa za kulevya, hata kwa kuzikemea. Marvel wakachapa bila muhuri mwaka 1971, na mwaka uleule kanuni zikalegezwa. Mzazi anayefunua kurasa haraka haraka akisaka kitu kibaya hana tofauti na walioinyima hadithi hiyo muhuri.

Basi nisome vipi?

Soma mpaka mwisho, ukiangalia hadithi inalifanyia nini hilo baya. Chukua Ms. Marvel toleo la 1 la mwaka 2014, lililoandikwa na G. Willow Wilson na kuchorwa na Adrian Alphona. Shujaa wake ni Kamala Khan, msichana Mwislamu wa miaka 16 anayeishi Jersey City, wazazi wake wametoka Pakistani. Tunamkuta dukani ameinamia mkate wenye nyama ya nguruwe. Hali, ananusa tu, huku rafiki yake akimsuta. Usiku baba anamkataza kwenda kwenye sherehe, naye anatorokea dirishani. Huko anapewa maji ya machungwa yaliyotiwa vodka bila kuambiwa. Anaonja, anatema.

Nguruwe, utoro, pombe: mzazi mwenye haraka ameshalificha jarida kabatini. Lakini baba hakuchorwa mjinga; alikataa kwa kumhofia bintiye, na sherehe inathibitisha hofu yake. Wanaomcheka Kamala ndio wanaoonekana wadogo. Halafu anapewa alichokitamani, sura ya shujaa wa kizungu mwenye nywele za dhahabu, na toleo la pili linaonyesha vazi na viatu vya sura hiyo vinavyombana. Mimi ningempa mtoto wa miaka 12 bila wasiwasi. Wa miaka tisa ningesoma naye, maana swali la pombe litakuja.

Na kama hadithi yenyewe, ni nzuri?

Nzuri, ila haina haraka. Nguvu za ajabu zinakuja mwishoni kabisa, na anayetaka ngumi atalalamika. Toleo moja pia haliishi. Linakuacha njiani makusudi, ununue linalofuata. Ndiyo maana ni haki zaidi kupima kitabu cha No Normal, kinachokusanya matoleo matano ya mwanzo na kilichopata tuzo ya Hugo mwaka 2015.

Kwenye mapigano niangalie nini?

Picha inayofuata ngumi. Je, aliyepigwa anaumia, kuna anayejali, au amesahaulika?

Mwanangu ana miaka sita na Kiingereza hakijui.

Huyo ndiye wa kuangaliwa zaidi. Maneno yanayomkemea mwovu yanampita, picha zinabaki, naye anajitungia hadithi yake humo. Mwambie akusimulie ukurasa kwa ukurasa, wewe ukiwa kimya. Ukisikia mwovu ndiye aliyeshinda, rudini nyuma msome pamoja kwa Kiswahili.