Breki za Nyuma za Altezza: Pedi Mpya Pekee Hazitoshi

Ukikaa kidogo karibu na stendi ya Nyegezi, utaisikia Altezza kabla hujaiona. Wana wanalipenda gari hili: linasukumwa na magurudumu ya nyuma, limekaa kispoti, na mtumba wake si wa kutisha kama magari mengine ya aina hiyo. Lakini Toyota ililitengeneza kuanzia 1998 hadi 2005 tu. Maana yake hata lile la mwisho kutoka kiwandani lina miaka 20 hivi. Mwenye nalo hubadili rimu, taa na eksozi. Hozi za mpira za breki za nyuma anaziacha zilivyo.

Makala hii ina hoja moja: ukibadilisha pedi za nyuma, kagua hozi na mafuta ya breki siku hiyohiyo. Pedi ni mwisho tu wa safari ya nguvu.

Fizikia kwanza

Kumbuka somo la kanieneo. Pascal alionyesha kwamba kimiminika kilichofungiwa hupeleka kanieneo sawasawa pande zote. Tuchukue mfano wa darasani: pistoni ya silinda kuu ina eneo la sm² 3, nayo inasukumwa kwa nguvu ya N 300. Kanieneo ni N 100 kwa kila sm². Kama pistoni ya kalipa ina sm² 12, itabana pedi kwa N 1,200. Nguvu imekua mara nne.

Hesabu hiyo inakubali kwa sababu mafuta hayabonyei. Hewa inabonyea. Ikiingia kwenye paipu, mguu unazama na gari linaendelea kwenda. Hozi iliyochoka nayo hutanuka kama puto, au huvimba kwa ndani na kuzuia mafuta yasirudi, hivyo gurudumu linabaki limebanwa.

Ukikanyaga breki, uzito huhamia mbele, hivyo breki za mbele hufanya kazi kubwa. Za nyuma huisha polepole, na ndiyo maana husahaulika. Ila gurudumu moja la nyuma likibana kuliko mwenzake Barabara ya Kenyatta ikiwa imelowa, gari linaweza kugeuka likaangalia lilikotoka.

Hatua za kazi

1. Egesha sehemu tambarare na uweke vizuizi magurudumu ya mbele. Legeza nati kidogo, piga jeki, kisha weka stendi za chuma. Jeki peke yake usiiamini. Achia handibreki, kwa sababu shuu zake zimo ndani ya diski ya nyuma.

2. Tazama kopo la mafuta ya breki. Pistoni ikirudishwa, mafuta hupanda. Yakimwagika yanakula rangi ya gari.

3. Fungua bolti ya chini ya kalipa, iinue, toa pedi. Kalipa isining'inie kwenye hozi. Ifunge kwa waya. Pedi ikibaki milimita 3, ibadilishe, na badilisha pande zote mbili. Pima diski pia. Safisha pini za kalipa na uzipake grisi inayofaa kwa mpira. Kwa Altezza pistoni ya nyuma inasukumwa moja kwa moja, haizungushwi.

4. Ikunje hozi na uitazame kwa tochi. Ikiwa na nyufa, uvimbe au unyevu, haifai. Andaa mpya kabla ya kufungua ya zamani. Tumia spana ya paipu, ile inayoshika nati karibu pande zote, maana spana ya kawaida huila nati iliyoshika kutu. Kama hozi imefungwa kwa bolti yenye washa za shaba, weka washa mpya. Hakikisha hozi haijajisokota.

5. Toa upepo. Kwa kawaida unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Mwenzako akanyage na kushikilia. Wewe fungua, funga, ndipo aachie. Rudia mpaka mapovu yaishe. Kopo lisikauke, hasa gari likiwa na ABS.

6. Kabla ya kuondoka, pampu breki mpaka pedeli iwe ngumu. Jaribu taratibu kwenye eneo la wazi, na ukague kama kuna uvujaji.

Usikubali

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205. Ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, nao unabonyea kama hewa. Kwa hiyo kopo lililokaa wazi dukani ni la kutupa, na kumwaga maji ya sabuni humo ni hatari tupu. Oili ya injini nayo huharibu mipira yote ya mfumo.

Fundi akikwambia, "Tuzibe gurudumu hili kwanza, spea utatafuta mwisho wa mwezi," kataa. Gari litasimama kwa upande mmoja, na siku ya kushika breki za ghafla halitakwenda unakolielekeza. Boom likichelewa, liache gari limeegeshwa. Daladala zipo.

Na tunaosomea ualimu tuna la kuchukua hapa. Mwanafunzi anayeiona kanieneo kuwa kanuni ya kukariri tu, mpeleke gereji, umwonyeshe hozi iliyovimba. Atajua kwa nini tunamfundisha.